Lend Mkono wa Kulia, Borrow Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 19 Mei

Bwana Kipchumba, mteja wetu, amenipa ajenda ya ofisi yao, hii daftari ya tarehe. Ni ya mwaka uliopita, lakini karatasi iko safi. Anasema mtu akiandika kila siku, kichwa inafunguka. Yangu ilifungwa primeri ya nne, siku niliacha shule. Haya. Tujaribu.

Habari kubwa! Madamu Harriet anafungua duka ya pili ya maziwa. Kule Gisimenti, mtaa wa pesa! Sisi hapa mtaa wa Rwezamenyo tuko na meza chache, tangi moja, na benchi ambayo ukikaa vibaya inakutupa. Kule kutakuwa na viti za mgongo. Kirezi anaenda kule, hiyo imeshapangwa. Na kijana mmoja ataenda naye, wa kubeba bidoni, yaani madumu ya maziwa, na kuhudumia wateja. Ni mimi ama ni Shema. Mwingine anabaki.

Nilikuwa naosha vikombe. Kikombe ikaniponyoka. Haikuvunjika. Moyo sijui.

Kirezi ndiye anafungulia maziwa kwenye tangi. Alikulia Bujumbura. Akimpimia mtu mzima, anainamisha kikombe ili povu isipande. Akimpimia mtoto, anaisimamisha makusudi, povu inapanda mpaka juu, mtoto anatoka na masharubu meupe. Hiyo nimeiona mimi. Sidhani kuna mtu mwingine hapa amewahi kuiona.

Lakini kuna sharti. Madamu anasema Gisimenti inapita watu wa kila nchi. Banange, mtu akichanganya maneno ya Kingereza pale, mteja anahamia kwa jirani! Kwa hiyo Jumamosi ya umuganda, tukishamaliza kusafisha mtaa, yeye atakaa kama mteja na kutuuliza. Maneno zile zinazofanana fanana, mtu achague ya kweli.

Shema amemaliza sekondari. Kingereza chake kinapitia puani. Ameniambia, sha Usu, wewe baki na Waswahili wenzako, ni bora kwa afya yako.

Jumanne, 20 Mei

Nimepata mwalimu! Ni Bwana Kipchumba mwenyewe. Yeye ni Mkenya, anafanya ofisi ya kusafirisha mizigo, na kila jioni anakuja kunywa ikivuguto, yaani maziwa ya kuganda. Kila jioni pia analalamika. Kwao maziwa ya kuganda wanaitia mkaa. Yetu haina mkaa. Anakunywa mpaka chini, halafu anahuzunika.

Nimemwahidi ile nzito ya chini ya ndoo. Amesema kijana, hapo umenishika, leta swali.

Tumeanza na lend na borrow. Kwa Kiswahili kuazima ni kuazima. Nikuazime, uniazime, watu wanaelewana na kiti inarudi. Wao wamegawa. Lend ni ya anayetoa. Borrow ni ya anayechukua. Nimeuliza, kwani wao hawaoni ni nani ameshika kiti? Maziwa ikamtoka Bwana Kipchumba puani.

Usiku huu nimepata mpango. Mkono wa kulia ndio unatoa. Basi nimeandika lend kwenye kiganja cha kulia, na borrow kwenye cha kushoto. Shema yeye alisoma miaka yote ile ya nini?

Jumatano, 21 Mei

Mpango iko na tundu. Kazi yangu ni kuosha vikombe.

Kabla ya adhuhuri mkono wa kushoto ulibaki na bor. Wa kulia ulibaki na weusi tu, kama mtu aliyeshika sufuria. Nimeandika tena. Nimeosha tena. Nimeandika tena. Kirezi ameniuliza kama nina ugonjwa ya ngozi. Nilitaka kujibu. Nikasema asante.

Alhamisi, 22 Mei

Aibu.

Mzee Silvère aliagiza maziwa ya moto. Huyu mzee naye alikaa Burundi miaka mingi, anavaa kofia hata akiwa ndani, na hakuna siku amekunywa maziwa amesimama. Nikamletea. Wakati ule ule Madamu anapita, anauliza ghafla: Usumani, hapo unafanya nini, una-lend ama una-borrow?

Nikataka kuangalia kiganja. Lakini mzee hawezi kupewa maziwa kwa mkono mmoja! Nimeshika na mikono yote mbili, kama adabu inavyotaka. Kulia inasema lend. Kushoto inasema borrow. Na mzee naye amepokea na yake yote mbili. Mikono minne, kikombe moja. Hakuna anayeachia. Mimi nafikiri, yeye anavuta polepole.

Mwisho mzee akaniuliza, mwana wangu, hii maziwa unanipa ama unanionyesha tu?

Duka yote ikacheka. Shema alicheka zaidi ya wote, anapiga meza. Madamu alisema si lend, si borrow, mimi nilikuwa namuuzia. Ndiyo jibu ilikuwa hiyo! Kumbe kuna maneno ya tatu!

Kirezi hakucheka. Alitabasamu, anaangalia tangi. Sijui kama alikuwa anaitabasamia tangi.

Ijumaa, 23 Mei

Leo nimerudi kutoka msikitini, nikamkuta Mzee Silvère anaingia. Akajikwaa kwenye mlango. Badala ya kusema aa ama Mungu wangu, alipiga kelele: Yampaye inka Sebatware!

Nilijua maneno yenyewe. Maana yake, Sebatware alinipa ng'ombe. Wazee wanaapa hivyo. Lakini sikujua huyo Sebatware ni nani, na leo nikamwuliza. Mzee akavua kofia, kwanza. Akasema Burundi alifika kijana bila kitu, na Sebatware akampa ng'ombe mmoja, wa kike, mweusi. Sebatware amekufa siku nyingi. Lakini mguu ukigonga jiwe, jina inatoka yenyewe. Akasema, voilà, mwana wangu, mtu akishtuka ndiyo unajua nani anakaa ndani yake. Ama yule aliyempa ng'ombe, ama yule anayempenda kana kwamba alimpa.

Tumeanza kuulizana, kila mtu akishtuka anataja nani. Madamu anaitaga jina ya baba yake marehemu. Bwana Kipchumba amesema kwao wanasema tu ngai, yaani Mungu, na hiyo pia wameiazima kwa jirani. Shema akishtuka anasema Yampaye inka Shema. Anajiapia mwenyewe! Mzee amemwangalia sana.

Mimi wakaniuliza. Nikasema mimi nikishtuka nanyamaza.

Kirezi hakusema wa kwake. Alienda kuangalia moto.

Jumapili, 25 Mei

Much na many. Bwana Kipchumba anasema kitu ukiweza kuhesabu, ni many. Ukishindwa, ni much. Vikombe ni many. Maziwa ni much. Nikamwuliza, povu? Akasema much. Nywele? Akafikiri, akasema wewe kijana utaniua, endelea na vikombe.

Halafu akanipa ingine. Few na a few. Inaonekana ni kitu kimoja, ile a ndogo tu iko mbele. Kumbe! Anasema few ni ya mtu amekata tamaa. Wateja ni few, yaani hakuna wateja, funga duka. A few ni ya mtu bado anangoja. Wako kidogo, lakini wako.

Nimetembea nyumbani nafikiria. Tabasamu za Kirezi kwangu zinahesabika. Kwa hiyo si much. Many pia hapana. Ni few ama a few?

Naandika a few. Kwa penseli.

Jumatatu, 26 Mei

Mpango mpya, bora kuliko yote! Viganja vinaoshwa. Lakini Kirezi haoshwi. Atasimama pale kwenye tangi, nyuma ya Madamu. Yeye Kingereza anakijua, anasoma jioni. Akigusa kitambaa ya kichwa upande wa kulia, jibu ni neno la kwanza. Upande wa kushoto, neno la pili. Madamu haoni. Mimi naona. Kwisha!

Imebaki tu kumwambia Kirezi.

Nimejaribu asubuhi. Nikamwuliza kama bidoni imefika. Ilikuwa mbele yake. Nimejaribu saa ya chakula. Nikamwambia mandazi ni za moto. Alikuwa amezipika yeye. Jioni nilikaribia kabisa, nikafungua mdomo, na Shema akanipita akisema, sha, funga hiyo mlango, nzi wataingia.

Jumatano, 28 Mei

Nimemwambia!

Nilimwambia nikiangalia ndoo. Nilisema yote bila kupumua, kitambaa, kulia, kushoto, Madamu haoni. Ndoo ilielewa vizuri. Yeye akaniuliza, Usu, kwa nini unataka Gisimenti hivyo? Hapa si ndio kwenu?

Hiyo swali hatukuifanyia zoezi. Nikasema ni sababu ya viti za mgongo.

Akasema ah. Halafu akasema sawa, atanisaidia. Lakini ile ah iko fupi sana. Nimeifikiria siku yote. Kuna ah za kufurahi na kuna ah zingine.

Ijumaa, 30 Mei

Kesho.

Shema amejipanga mbele ya kioo cha duka, anaongea peke yake. Anajiuliza, anajijibu, anajipongeza. Nikaenda kuosha vikombe ambazo zilikuwa safi.

Nimemwuliza Mama kama dini inaruhusu kumwombea mtu kidonda kidogo kwenye ulimi. Kidogo tu, ya siku moja, isiyouma sana. Mama alitupa ndala. Anapiga vizuri kwa umri wake.

Baadaye akaja kukaa kwenye kitanda yangu. Akauliza ni nini iko Gisimenti. Nikamwambia viti. Akasema, mwanangu, kwa viti mtu hakosi kula siku mbili.

Jumamosi, 31 Mei

Sijui nianzie wapi. Naandika na mkono wa kushoto. Wa kulia umeungua.

Asubuhi umuganda. Tumelima mtaro, mtaa mzima. Kirezi naye alikuwa pale, amefunga kitenge juu ya goti. Tulipomaliza watu wote wakaja dukani na kiu na majembe yao. Wameyaacha mlangoni, ila Mzee Silvère aliingia na yake.

Madamu akakaa kama mteja. Watu wakasogea kusikiliza. Bwana Kipchumba alikuja kabisa na tai, sijui nani alimwambia avae tai.

Shema kwanza. Bring ama take? Akajibu. Much ama many? Akajibu. Say ama tell, teach ama learn, zote amejibu, na pua yote. Watu wamepiga makofi. Mimi pia nimepiga. Ilikuwa vizuri, siwezi kudanganya ajenda.

Halafu mimi. Madamu akasema sentensi, kitu ya mtu anataka kalamu ya mwenzake. Lend ama borrow? Nikaangalia tangi. Kirezi alikuwa tayari. Lakini alikuwa na udongo kwenye shavu, ya mtaro, kidogo, karibu na sikio, na yeye hajui. Nikawa naiangalia ile udongo. Nikafikiri, mtu angemwambia. Nikafikiri, ningekuwa na ujasiri ningeipangusa. Madamu akasema, Usumani? Kitambaa iliguswa ama haikuguswa, mimi sijui. Mkono sikuuona. Niliona uso tu.

Nikachagua. Si hiyo. Akauliza ingine. Nikaangalia tena. Udongo bado iko. Si hiyo pia!

Madamu akasema basi, banange, tupumzike, hebu niletee maziwa ya moto, hiyo unajua. Na kweli hiyo najua. Nikaibeba na mikono mbili. Nilikuwa nimefika katikati. Na yeye, kwa huruma nafikiri, ili nipate hata moja, akauliza: hiyo umebeba ni much ama ni many?

Much! Nilikuwa naijua! Ilikuwa kwenye ulimi! Nikageuka kwa furaha kumwangalia Kirezi, mguu ukaingia kwenye jembe ya Mzee Silvère, na maziwa yote ya moto ikanimwagikia mkono. Na mdomo wangu, huu mdomo ambao haujawahi kunisaidia siku hata moja, ukafunguka wenyewe:

Yampaye inka Kirezi!

Kwa sauti! Nafikiri hata msikitini wamesikia.

Mzee Silvère akavua kofia. Bwana Kipchumba, yeye Kinyarwanda hajui na ya Ijumaa ile ameshasahau, akaanza kuuliza huku na huku, amesema nini? Kijana amesema nini? Hakuna anayetaka kumwambia. Basi Shema akasimama, akamtafsiria. Kwa Kingereza. Pole pole, mbele ya watu wote, na hakuchanganya neno hata moja. Bwana Kipchumba akageuka kwa Kirezi akamwuliza, kwani ulimpa ng'ombe? Lini?

Kirezi akatoka nyuma. Nikasikia bomba ya maji. Akarudi na beseni ya maji baridi, akaishika mkono yangu, akaitia ndani, hakuniangalia, akaondoka. Hakurudi tena.

Yaani ameninawisha. Amenawa mikono, hanitaki.

Shema anaenda Gisimenti. Madamu ameniambia nibaki, wateja wa hapa wamenizoea. Alinigusa bega. Nilitaka kumwambia ni much. Sikuona maana.

Jumapili, 1 Juni

Mama amesikia. Rwezamenyo yote imesikia. Amenikalisha chini, amesema Mwislamu haapi kwa jina ya mtu, anaapa kwa Mungu peke yake, niombe msamaha saa hii hii. Nikaomba. Akangoja nimalize vizuri. Halafu akauliza, huyo Kirezi ni mtoto wa nani, na anapika?

Jumatatu, 2 Juni

Wameenda. Shema amekaa mbele kwenye gari ya bidoni. Kirezi nyuma, amekumbatia sanduku ya vikombe. Gari ikiondoka alinyanyua mkono. Shema pia akanyanyua, kwa hiyo sijui wa Kirezi ulikuwa wa nani. Nyuma yangu kulikuwa na watu.

Sasa mimi ndiye nafungulia tangi. Mtoto amekuja na kikombe yake. Nimeisimamisha, povu ikapanda mpaka juu. Akatoka na masharubu.

Nilikaa kwenye benchi. Ikanitupa.

Jumatano, 4 Juni

Shema amekuja kuchukua bidoni. Amekasirika! Hajanisalimia. Ameniambia, sha Usu, wewe umenifanya nini mimi?

Nikamwambia sijatoka Rwezamenyo.

Akaeleza akitembea tembea. Jana, Gisimenti, duka imejaa. Yeye anahudumia, Kingereza kinatoka vizuri, wateja wanafurahi. Kirezi amebeba jagi ya kioo. Mtu akafungua mlango kwa nguvu, jagi ikateleza, ikapasuka chini. Na Kirezi akapiga kelele. Mbele ya watu wote.

Yampaye inka Usumani!

Shema anasema tangu hapo wateja wanamuuliza yeye: ni wewe Usumani? Hongera Usumani! Mama mmoja wa kanisani amemwambia Usumani, oa mapema. Anaeleza kwamba jina yake ni Shema, hakuna anayemsikiliza. Leo asubuhi wameanza tena.

Nilikaa chini. Si benchi, nilikaa kwenye ndoo.

Kwanza moyo uliruka. Halafu nikafikiri kama mtu mzima. Usumani gani? Mimi sijawahi kumpa mtu ng'ombe. Sina hata kuku. Lakini kuna Usumani wa nyama, pale kona, mwenye buchari! Kijana, mrefu, na ng'ombe iko nazo! Na Kirezi alikuwa anapita pale kila siku akienda nyumbani.

Nimemwuliza Shema kama alisema Usumani wa wapi. Shema ameniangalia muda mrefu. Amesema amesoma miaka mingi na hajawahi kukutana na kitu kama mimi. Akachukua bidoni akaenda.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Mpango: kumchunguza Usumani wa nyama, bila yeye kujua.

Baada ya sala nimepanga laini kwake, na watu wote wa mtaa. Nilipofika mbele nikamwuliza, kama mchezo tu, Usumani mwenzangu, wewe umewahi kumpa msichana ng'ombe?

Akasimamisha panga hewani. Akasema ng'ombe mzima? Mimi? Akaita mke wake aje asikie. Kumbe iko na mke! Wakacheka wote wawili. Amesema yeye hata mama mkwe anamkatia kwa kilo. Halafu akauliza, wewe si yule kijana wa maziwa, wa jembe?

Laini yote ikageuka.

Nimerudi na nyama na aibu. Lakini aibu ingine hii, ya joto joto. Usumani wa nyama si yeye. Basi amebaki Usumani gani? Nimehesabu akina Usumani wanaojulikana kwa Kirezi. Nimehesabu tena. Kila nikihesabu nafika kwangu.

Mama amesema Jumapili niende nikamjulie hali. Bila mpango, amesema. Nenda tu, mwanangu, ukae, unywe maziwa ya watu, urudi. Bwana Kipchumba amesema hivyo hivyo, na ametia mkaa kidogo kwenye kikombe yake aone. Haikufaulu. Meno yote nyeusi.

Bila mpango! Watu wazima wakati mwingine hawafikiri. Gisimenti ni Kingereza. Nimechukua kalamu. Lend kulia, borrow kushoto. Na kwa nafasi iliyobaki nimetia much, many, few, na ile a few chini ya kidole kikubwa.

Jumapili, 8 Juni

Nimeenda. Nimerudi. Niandike haraka kabla sijasahau.

Nimevaa shati ya Idi, nimeandika viganja upya. Viti kweli vina mgongo. Shema aliniona akasema kwa sauti kwa duka nzima, haya, mwenyewe huyu hapa, sasa muniache. Wateja wakapiga makofi. Nikakaa haraka.

Kirezi akaja na maziwa. Sikuagiza. Nilikuwa nimetayarisha sentensi nzima ya Kingereza, nimeifanyia zoezi njia yote. Akanipa kwa mikono mbili. Nikapokea kwa mikono mbili. Hakuna aliyeachia. Maziwa ilikuwa na povu mpaka juu, inataka kumwagika! Nafikiri tangi ya Gisimenti iko na shida, ama kule amesahau kuinamisha. Nitamwambia Madamu.

Halafu akaona viganja. Akachukua kikombe akaiweka mezani. Akashika mkono wangu wa kulia, ule uliungua, akaugeuza. Akasoma. Akashika wa kushoto. Akasoma. Sasa atanipima, nikafikiri, na niko tayari!

Hakunipima. Alitoa kitambaa ya kichwa, ile ile ya kulia na kushoto, akaichovya kwenye maji, akaanza kupangusa. Lend, ikaenda. Borrow, ikaenda. Alipangusa pole pole, kidole kwa kidole. Much, many, few, zote. Ile a few ya chini ya kidole kikubwa hakuifuta. Labda hakuiona. Akasema, Usu, wewe ukija hapa uongee tu vile unaongeaga.

Nikamwambia iko na udongo kwenye shavu. Si leo, siku ile. Akasema siku ile ni lini? Nikamwambia ya jembe. Akasema sasa ndiyo unaniambia! Akacheka mpaka akakaa kwenye kiti.

Viganja vilikuwa vimeshakuwa safi kabisa. Lakini hakuachia. Akaendelea kushika. Maziwa ikapoa. Ni sababu wino ilikuwa ngumu, nafikiri, alitaka kuhakikisha.

Ameniambia nije tena Jumapili ijayo.

Sasa, tufikiri vizuri. Ni nini ilifanya kazi? Ni maneno kwenye viganja! Bila yale maneno angeshika mikono yangu kwa sababu gani? Shema na sekondari yake, nani amemshika mkono? Kingereza ndiyo siri, nilijua tangu mwanzo.

Kesho nanunua kalamu ingine. Duka ya stesheneri iko na ile nyeusi, ya kuandikia magunia. Muuzaji ameniambia wino yake inasumbua, mtu anaweza kuipangusa siku nzima na isitoke.

Nachukua hiyo.